UZI: Ukitaka kuielewa picha ya kuchora, wasikilize wahifadhi wakiijadili (kuanzia New York mpaka Boma la Iringa)

Mleta uzi, Mwanjelwa

Kamwene wakuu, na wale wa Tukuyu ugonile.

Mimi kazi yangu ni kuandika vibao na kuchora kuta za maduka, saluni, bucha, saa nyingine shule za awali. Kazi ya brashi inakuweka kimya masaa mengi, mkono unafanya kazi masikio yamekaa tu, wenzangu wanaweka mpira wengine mahubiri, mimi huwa naweka mazungumzo ya wahifadhi wa makumbusho ya sanaa. Namaanisha wale watu walioajiriwa kukaa na picha, kuzitunza, kuzichunguza, kuamua ipi itundikwe wapi na ipi ibaki stoo. Makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yanaweka haya mazungumzo bure YouTube, unakuta watu wawili wamekaa mbele ya picha moja wanaiongelea nusu saa nzima. Picha moja tu wakuu. Na ukimaliza kusikiliza unaiona picha tofauti kabisa na ulivyoiona mwanzo.

Nimeleta uzi huu kwa sababu huku kwetu nyanda za juu tuna makumbusho, tuna michoro, tuna watu wanaojua historia yake, ila namna tunavyotembelea inaniuma. Mtu anaingia, anasoma kibao mistari miwili, selfie, katoka. Ntafika huko, ila acha nianzie mbali kidogo ili mnielewe.

Kuna makumbusho New York inaitwa Frick. Ilikuwa nyumba ya tajiri wa makaa na chuma, Henry Clay Frick, alifariki 1919, nyumba ikafunguliwa kwa umma 1935. Corona ilipofunga milango 2020 wahifadhi wao wakaanzisha kipindi cha kila Ijumaa jioni, mhifadhi yuko nyumbani kwake na glasi ya kinywaji, anachukua kazi moja anaiongelea taratibu. Ndo nikakutana na Mtakatifu Fransisko wa Bellini.

Giovanni Bellini alikuwa mchoraji wa Venice, hii kaichora kati ya 1475 na 1480 hivi, rangi ya mafuta juu ya ubao. Wakatoliki wa Tosamaganga na Peramiho Fransisko wa Asizi mnamjua, yule aliyepata madonda ya Kristo mwilini. Ukiiangalia haraka unaona mtawa kasimama kwenye mawe kafungua mikono basi. Sasa msikilize mhifadhi. Anakwambia angalia miguu, yuko peku. Viatu viko wapi? Viko kule nyuma chini ya meza yake ya kusomea, kaviacha hapo akatoka. Juu ya meza kuna fuvu. Alafu angalia ukuta wa mawe karibu na mkono wake wa kulia, kuna tundu, na kwenye tundu kuna sungura katoa kichwa. Nilisimamisha video nikavuta picha karibu, sungura yupo kweli, mdogo, masikio yamesimama. Nyuma kuna punda, kuna ndege mwenye miguu mirefu kasimama ukingoni, mbali zaidi mchungaji na mifugo yake, alafu mji. Chini kushoto kuna kikaratasi kimechorwa kama kimenasa kwenye kijiti na hapo ndo Bellini kaandika jina lake. Mimi kama mwandishi wa vibao hicho kikaratasi kilinipa raha sana, kina mikunjo, kina kivuli, ungesema unaweza kukibandua kwa kucha.

Na tamu yenyewe ni kwamba wataalamu hawakubaliani picha inaonyesha nini. Wachoraji wengine wakichora tukio la madonda wanaweka malaika angani anatupa miale kama nyaya mpaka mikononi kwa mtakatifu. Bellini hakuweka malaika. Kaweka mwanga tu unatoka juu kushoto na mti umeinama upande huo. Kwahiyo wapo wanaosema hapa ndo anapokea madonda, wapo wanaosema hapana, hapa anamsifu Mungu kwa viumbe vyote, ndo maana sungura na punda wapo. Mhifadhi anakuwekea hoja zote mbili mezani, anakuonyesha ushahidi uko wapi kwenye picha, anakuachia uangalie mwenyewe. Kibao cha ukutani hakiwezi kukufanyia hivyo, kibao kina mistari sita.

Kitu kingine nilichojifunza hapo hapo Frick ni kwamba kutundika nako ni kuongea. Kwenye ukumbi wao kuna sehemu ya kuotea moto, upande mmoja kuna picha ya Thomas More aliyochora Hans Holbein 1527, upande wa pili Thomas Cromwell, huyo huyo Holbein. Hawa wawili walikuwa mahasimu kwenye serikali ya mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, More akakatwa kichwa 1535, Cromwell naye akaja kukatwa 1540. Na katikati yao kuna mtakatifu Yeronimo, kazi ya mchoraji El Greco, anawaangalia nyie mliosimama. Ukiwa hujui hiyo historia unaona wazee watatu. Mtu aliyepanga ule ukuta alijua anachofanya.

Nasimama hapo kidogo nimalize kibao cha watu, karibuni.

---

Mdau wa Mafinga

Mkuu nimesoma mpaka mwisho na nimeitafuta hiyo ya sungura, nimemuona. Ila swali langu ni la moyoni. Hizi picha ni za wazungu na watakatifu wao na wafalme wao, mtu wa huku Mufindi anaingia wapi? Sisemi kwa ubaya, nauliza tu.

---

Mleta uzi, Mwanjelwa

Swali zuri sana kaka na jibu langu lina jina, Juan de Pareja. Vuta kiti.

Velázquez alikuwa mchoraji wa mfalme wa Hispania. Kwenye karakana yake alikuwepo mtu mwenye asili ya Afrika, Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera kule kusini mwa Hispania, na alikuwa mtumwa wake. Kazi zake zinatajwa kuwa kusaga rangi na kuandaa kanvasi, yaani kazi ya msaidizi wa fundi, wote tuliopita kwa fundi tunaijua. Wakaenda wote Roma. Mwaka 1650 Velázquez akamchora, na tarehe 19 Machi picha ikaonyeshwa hadharani Pantheon, lile hekalu la kale la Roma. Wasanii waliokuwepo inasemekana walishangaa, kwamba picha nyingine zote ni uchoraji ila hii ni ukweli mtupu. Sasa itafute uiangalie. Jamaa kasimama kageuka kidogo, mkono mmoja kaupitisha mbele ya kiwiliwili, kola ya lesi nyeupe, macho yanakutazama wewe moja kwa moja. Hana sura ya mtu anayeomba ruhusa. Ile kola ukiisogelea ni mapigo ya brashi yamerushwa haraka haraka, ukirudi nyuma inakuwa lesi. Nimejaribu kuiga kwenye kibao cha saluni, ni ngumu mnoo.

Novemba mwaka huo huo Velázquez akasaini hati ya kumpa uhuru, ila kwa sharti atumike miaka minne mingine. Yaani picha inamwonyesha mtu mwenye heshima yote ile, na siku anachorwa kisheria ni mali ya mchoraji. Hilo jambo wahifadhi hawalipiti. Makumbusho ya Metropolitan New York waliinunua kwenye mnada wa London 1970 kwa zaidi ya dola milioni 5 na nusu, ilikuwa rekodi wakati ule, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanamsifu Velázquez tu. Mwaka 2023 wakafanya maonyesho yenye jina la Pareja mwenyewe, yamesimamiwa na David Pullins na Vanessa Valdés, na hapo ndo utaona mazungumzo ya wahifadhi yanabadilisha nini. Wakauliza, huyu mtu alipoachiwa alifanya nini? Alikuwa mchoraji. Kazi zake zipo. Kubwa kuliko zote, Wito wa Mathayo ya 1661, iko makumbusho ya Prado kule Madrid, na pembeni kabisa kushoto Pareja kajichora mwenyewe kasimama na karatasi mkononi yenye jina lake.

Na kuna mjadala hapo unaouma. Ukilinganisha alivyochorwa na bwana wake na alivyojichora mwenyewe, sura na rangi ya ngozi si sawa, kajichora kama muungwana wa Kihispania. Kwa nini? Wahifadhi wanazungumza kuhusu hadhi, kwamba Hispania ya wakati ule mtu alitakiwa kuonekana muungwana ndo akubalike kuwa mchoraji. Mimi naona pale kuna mtu anadai nafasi yake kwa namna aliyoachiwa. Na aliyeanza kumtafuta Pareja kwa bidii ni Arturo Schomburg, mtu mweusi wa Puerto Rico aliyekuwa akiishi New York, miaka ya 1920 alisafiri mpaka Hispania kwenda kuiona hiyo Wito wa Mathayo kwa macho yake. Maonyesho ya 2023 yakampa na yeye nafasi yake. Kwahiyo kaka tunaingia, na tulikuwemo tangu zamani, tatizo ni nani alikuwa anaongea mbele ya picha.

---

Mdau wa Uyole

Daah hiyo ya kuwa mali ya mchoraji imenikaa kifuani. Mkuu lakini bando? Na kiingereza chao kinakimbia.

---

Mleta uzi, Mwanjelwa

Washa maandishi ya chini kwenye video, alafu punguza spidi iwe 0.75, utaona wanaongea kama watu. Bando la usiku unapakua unasikiliza mchana. Na picha zenyewe huhitaji video, Metropolitan wameachia picha za kazi zao zisizo na hakimiliki bure tangu 2017, Rijksmuseum ya Amsterdam nao unapakua bure kwa ukubwa wa kuona hadi nyufa za rangi. Mimi napakua picha kwanza, naiangalia bila kusikiliza mtu, naandika kwenye daftari ninachoona, ndo nafungua mazungumzo. Ukianza na mazungumzo unaona vya kwao tu.

---

Mwalimu, Njombe

Shikamooni wakubwa, wadogo habarini. Mimi nafundisha sekondari na nimeupenda uzi huu. Naomba msaada, nikiwa na wanafunzi wa form two na picha moja iliyoprintiwa, niwaulize nini? Maana nikisema "angalieni" wanaangalia sekunde kumi wananiangalia mimi.

---

Mleta uzi, Mwanjelwa

Mwalimu asante, wewe ndo mtu niliyekuwa namngoja.

Waulize maswali ambayo wahifadhi wanauliza. Nani alilipa? Iliwekwa wapi mwanzo, kanisani, chumbani, ofisini? Maana picha ya altare inachorwa kutazamwa kutoka chini na mtu aliyepiga magoti. Alafu hili wanafunzi watalipenda, kuna kitu kimekatwa? Ile picha kubwa ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ya walinzi wa usiku, ya 1642, mwaka 1715 ilikatwa pande zote ili iingie kwenye ukuta wa jengo walilokuwa wanaihamishia. Fikiria, wanakata Rembrandt kwa sababu ya ukuta! 2021 Rijksmuseum wakatumia kompyuta na nakala ya zamani kutengeneza vile vipande vilivyopotea wakavitundika kwa muda pembeni, na ghafla watu wawili wa mbele hawako tena katikati, wanasogea, kundi zima linaonekana linatembea.

Na swali ambalo mimi fundi rangi nalipenda kuliko yote, kuna nini chini? Vermeer, naye mchoraji wa Uholanzi, ana picha ya binti anasoma barua dirishani, iko Dresden, Ujerumani. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mtupu, na watu waliusifia sana huo utupu. 1979 eksirei ikaonyesha chini yake kuna picha ya mtoto mwenye mabawa, Kupido, yule mungu wa mapenzi wa Warumi. Wakasema basi Vermeer mwenyewe alibadili mawazo akaifunika. Walipoanza matengenezo wakachunguza tabaka za rangi na kukuta kati ya rangi ya Vermeer na rangi ya juu kuna vanishi ya zamani na uchafu. Hapa fundi yeyote wa Mwanjelwa atakwambia maana yake, kama koti ya kwanza imeshapata vumbi na kuchakaa ndo ikaja ya pili, basi miaka imepita. Wakapiga hesabu, rangi ya juu iliwekwa Vermeer akiwa ameshakufa. Wakaiondoa kwa kisu kidogo chini ya hadubini, kidogo kidogo kwa muda mrefu, 2021 picha ikaonyeshwa na Kupido wake ukutani. Sasa barua ni ya mapenzi waziwazi. Mimi nafuta vibao vya zamani kwa msasa kila wiki na najua koti ya zamani ilivyo, niliposikia hiyo nilishuka kwenye ngazi nikakaa chini kusikiliza vizuri.

Kwa wanafunzi wako mpe kila mmoja sehemu moja ya picha, huyu mikono, huyu mandhari ya nyuma, huyu mwanga unatoka upande gani. Alafu wabishane. Wasipobishana umechagua picha mbaya.

---

Mdau wa Tunduru (kwa sasa Songea)

Nimefurahi ila mbona hamjataja mtu wetu? Edward Saidi Tingatinga ni wa huku Tunduru.

---

Mleta uzi, Mwanjelwa

Nilikuwa naelekea huko ndugu yangu, na bora umelitaja wewe.

Tingatinga alizaliwa 1932 huko kwenu, akaenda Dar kutafuta maisha, akafanya vibarua vingi, mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kule Msasani. Alichorea nini? Hadibodi za ujenzi, na rangi za kung'aa za baiskeli. Ndo rangi zetu wakuu! Hiyo rangi haina huruma, inakauka na ung'avu wake, huwezi kuichanganya taratibu kama rangi ya mafuta ya Bellini, ndo maana utaona mnyama mmoja mkubwa, mistari imekatika safi, nyuma rangi moja tupu. Mtu akisema huo ni uchoraji wa kitoto mimi namuuliza kama amewahi kuishika hiyo rangi. Alikufa 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine, alikuwa kachora miaka minne tu, na leo mtindo mzima una jina lake.

Na huku nako kuna mjadala wa kina. Wapo wanaosema alichukua hamasa kutoka kwa picha za Wakongo zilizokuwa zinauzwa Dar, wapo wanaosema mizizi iko kwenye michoro ya kuta za nyumba za kusini. Ndo mazungumzo ambayo ningetamani kuyasikia kwa Kiswahili, wahifadhi wawili wa hapa nchini, hadibodi moja ya 1970 mbele yao, saa nzima.

Na mwingine, Sam Ntiro, mchaga, alisoma Makerere na chuo cha sanaa cha Slade, London, baadae akawa balozi wetu Uingereza. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na makumbusho ya MoMA New York mwaka 1960, kabla hata hatujapata uhuru. Watu wa Rungwe mnaokaa kwenye migomba mtaielewa bila mhifadhi.

---

Mdau wa Gangilonga, Iringa

Mkuu umesema utafika kwetu, tunasubiri.

---

Mleta uzi, Mwanjelwa

Nimefika. Boma la Iringa ni jengo la Wajerumani, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, mradi uliosimamiwa na watu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Nenda siku isiyo na kundi la shule, chagua kitu kimoja, kimoja tu, mwombe muongozaji mkae hapo. Muulize kilifikaje hapo, kilikuwa kwa nani, kwa nini kiko chumba hiki na siyo kile. Nakuhakikishia utaona uso wake unabadilika, kwa sababu hao watu wanajua mengi na hakuna anayewauliza, wanaulizwa choo kiko wapi.

Au shuka Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa. Wote tunajua lilirudishwa 1954 na Gavana Twining. Ila uliza walijuaje kwamba ndilo. Kule Bremen, Ujerumani, kulikuwa na mafuvu kama 2,000 kwenye makumbusho, 84 kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani, Twining akachagua yale yenye vipimo vinavyofanana na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, kati ya hayo akachukua lenye tundu la risasi. Simama mbele ya kabati ukilijua hilo alafu uniambie kama utatoka kwa dakika tano. Nasema kwa heshima yote ya wazee wa Kalenga, hilo ni swali linalostahili kuongelewa kwa sauti, kwa utaratibu, na watu wanaolitunza.

Na Igeleke je? Michoro ya mwambani iko pale pale pembeni ya mji wa Iringa, watu na wanyama vimechorwa juu ya mwamba, hakuna kibao chenye jina la mchoraji, hakuna aliyelipa tunayemjua. Maswali yote niliyompa mwalimu wa Njombe yanafanya kazi pale. Mwanga unaingia saa ngapi? Mchoraji alisimama wapi mpaka mkono ukafika juu vile? Yupi amechorwa juu ya mwenzake, yaani nani alitangulia? Ombi langu moja tu pale, usiguse, usimwage maji ili picha itoke vizuri kwenye simu. Maji na mafuta ya vidole yanakula rangi, na ile hakuna wa kuja kuirudishia.

---

Mwalimu, Njombe

Kaka nakwenda Iringa na wanafunzi likizo ikikaribia. Je inaruhusiwa kumrekodi muongozaji?

---

Mleta uzi, Mwanjelwa

Omba kibali kwa uongozi wa makumbusho kabla ya safari, kwa barua ya shule, na muongozaji mwenyewe naye mwombe, ni sauti yake. Ukikubaliwa rekodi sauti tu, simu weka karibu na mdomo wake siyo wako, na usimkatize akinyamaza, mara nyingi akinyamaza ndo anakumbuka kitu. Alafu ukirudi iweke hapa kwenye uzi tuisikilize wote.

Na wewe wa Tunduru uliyeko Songea, pale makumbusho ya Majimaji kuna sanamu za mashujaa. Nenda kamuulize mhifadhi nani alizitengeneza, kwa kitu gani, na alitumia picha au maelezo ya nani kupata zile sura. Nasubiri majibu yako.